Mvua Iliyofungiwa Nje: Maji na Samadi, Kutoka Momela hadi Kitalu Nyumba

Fungua ramani ya upande wa mashariki na kaskazini wa Mlima Meru, usome majina ya mito tu. Kuna Maji ya Chai. Kuna Engare Nanyuki, ambayo kwa Kimaasai ni "maji mekundu". Waliotoa majina hayo hawakuwa na maabara, lakini walituachia taarifa fupi ya uchunguzi: kabla hujayatumia maji haya, yaangalie kwanza.

Sasa tuje leo. Ukizunguka kati ya Tengeru, Usa River na barabara ya kwenda Momela, utaona vitalu nyumba vya nailoni nyeupe. Ndani yake kuna nyanya, pilipili hoho, na siku hizi viungo vya majani: mrehani, mnanaa, giligilani, rozimari. Hoteli za watalii zinavitaka, wasafirishaji wa nje wanavitaka. Na kila anayeanza huuliza maswali mawili yaleyale: nimwagilie maji kiasi gani, na niweke samadi kiasi gani?

Ni maswali mazuri, ila yana historia ndefu kuliko nailoni. Watu wa mlima huu wamekuwa wakiyajibu kwa karne kadhaa, kwa mifereji na mazizi. Na jibu lao lilikuwa na msaidizi mmoja wa kimyakimya ambaye kitalu nyumba kimemfungia nje: mvua. Twende taratibu, utaona kwa nini jambo hili linaweza kumgharimu mkulima shamba lake.

Mlima unaopika maji

Meru ni volkano. Mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910, na urefu wake unapita mita 4,500. Ukiutazama kutoka Momela utaona upande wa mashariki umebomoka kama bakuli lililovunjika ukingo. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu huo uliporomoka, na tope, mawe na majivu vikatiririka hadi tambarare. Mabaki yale yaliacha vilima na mashimo, na mashimo yakajaa maji. Hayo ndiyo maziwa ya Momela ambayo leo yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto.

Mawe ya volkano hii yana sodiamu nyingi na floraidi nyingi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyayeyusha madini hayo kidogo kidogo na kuyabeba. Yakifika kwenye ziwa lisilo na mto wa kutokea, maji hupanda angani kama mvuke, madini hubaki. Mwaka baada ya mwaka yanarundikana. Ndiyo maana maziwa ya Momela yana magadi, flamingo wanayapenda, na floraidi yake imepimwa kwa mamia ya miligramu kwa lita. Linganisha na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa: miligramu 1.5.

Mito na chemchemi haifikii huko, lakini baadhi yake inapita kikomo hicho mara kadhaa. Meno ya kahawia ya watu waliokulia Maji ya Chai na Ngarenanyuki ni ushahidi unaotembea, na kwa wengine madhara yamefika hadi kwenye mifupa. Kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kuweka kikomo cha juu zaidi, miligramu 4, kwa sababu vyanzo vingi vya kanda hii visingefaulu kile cha kimataifa.

Kumbuka kanuni moja kutoka ziwani, maana tutaihitaji mbele: *maji yakiondoka kwa mvuke peke yake, chumvi inabaki.*

Mfereji na zizi

Wameru na Waarusha walijenga kilimo chao hasa kwenye miteremko ya kusini na mashariki, kunakonyesha vizuri. Walichepusha vijito kwa mifereji ya udongo, wakayapeleka maji kwa mteremko hadi kwenye migomba, mahindi na maharage. Kilimanjaro, Wachaga walifanya hivyohivyo kwa mifereji waliyoiita mifongo. Maji yalitolewa kwa zamu, na aliyetaka zamu alishiriki kuchimba na kusafisha. Asiyekuja kwenye kazi ya mfereji, shamba lake lilikaa kavu.

Upande wa pili wa hesabu ulikuwa zizi. Ng'ombe alifungwa karibu na nyumba au ndani yake, akaletewa majani na magome ya migomba, na samadi ikarudishwa kwenye migomba ileile. Kilichotoka shambani kilirudi shambani.

Ukitaka kuona jambo hili kwa ukubwa wa kushangaza, shuka hadi Engaruka, wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kuna magofu ya mashamba ya umwagiliaji ya takribani hekta 2,000, yenye mifereji ya mawe na matuta ya mawe, yaliyolimwa kuanzia karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Katikati ya mashamba kuna mabaki ya mazizi. Mwanaakiolojia John Sutton aliyachukua kama dalili kwamba mifugo ilifungwa humo na samadi yake kurudishwa ardhini. Kisha watu wakahama. Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu: maji kupungua, udongo kuchoka, au vyote pamoja na mambo ya kisiasa. Lakini somo ni wazi: mfereji mzuri na samadi nyingi havimhakikishii mtu kukaa mahali milele.

Kwenye miteremko ya Meru, hata hivyo, mfumo ulidumu. Sababu mojawapo haionekani kwa macho. Masika yakija, mvua kubwa ilipita juu ya mashamba na kusukuma chini chumvi zote zilizoachwa na maji ya mfereji na samadi ya mwaka mzima. Hakuna aliyelipia huduma hiyo, na hakuna aliyehitaji kuipangia zamu.

Nani anapata maji yapi

Huwezi kuzungumzia maji ya Momela ukaruka habari ya ardhi. Wajerumani walijenga boma Arusha mwaka 1900, na miaka michache baadaye wakaanza kugawa ardhi kuzunguka mlima kwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Mashamba hayo yalizunguka mlima kama pete. Juu kulikuwa na msitu wa serikali, chini mashamba ya wageni, na katikati Wameru na Waarusha wakabanwa huku idadi yao ikiongezeka.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua nchi. Wameru wakachanga fedha, wakanunua mashamba mawili upande wa Engare Nanyuki, Na. 31 na Na. 328. Yaani walilipia ardhi waliyoiona ni yao tangu mwanzo. Ilikuwa njia ya kupata malisho na maji kwa mifugo yao upande wa kaskazini. Kisha tume ya Jaji Mark Wilson, iliyotoa ripoti mwaka 1947, ikapendekeza ardhi hiyo iwe ya walowezi kwa ufugaji wa kisasa. Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu watu takribani 3,000. Nyumba zilichomwa. Waliambiwa wahamie Kingori, sehemu ya chini zaidi na yenye joto zaidi.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea Wameru mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Lakini kesi ile iliamsha nchi, na miaka tisa baadaye Tanganyika ikawa huru.

Kwa nini ninaleta haya kwenye habari ya mrehani? Kwa sababu umwagiliaji huja na swali ambalo kipimo cha maabara hakilijibu: maji mazuri yameenda kwa nani? Mlimani hapa chanzo kimoja kinaweza kuwa safi na cha jirani yake kikawa na floraidi na sodiamu tele. Anayepata chemchemi ya juu anaanza mbio akiwa mbele. Anayebaki na kisima cha tambarare anaanza na chumvi. Leo vibali vya kutumia maji hutolewa na bodi ya Bonde la Pangani, kwa sababu maji ya Meru yanateremka hadi mto Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu. Kila lita unayoifungia kwenye tangi lako kuna mtu chini yako alikuwa anaisubiri.

Nailoni yafika

Ngarenanyuki ya leo inajulikana kwa nyanya. Wakulima wake bado wanatumia mifereji, na shamba liko wazi kwa mvua. Mkoa wa Arusha wenyewe uliingia kwenye kilimo cha nyumba za nailoni kwa maua, hasa mawaridi ya kuuza Ulaya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye vitalu nyumba vidogo vikasambaa kwa wakulima wa kawaida, vikundi vya vijana na shule.

Kitalu nyumba kilikuja na dripu, umwagiliaji wa matone. Dripu ya kisasa ilianza Israeli, ambako mhandisi Simcha Blass alibuni kitone cha plastiki, na kutoka 1965 kampuni ya Netafim ikaanza kukitengeneza kwa biashara. Ni teknolojia nzuri kweli. Maji yanafika kwenye mizizi, majani yanabaki makavu, na magonjwa ya ukungu yanapungua. Kwa viungo vya majani hilo ni muhimu mara mbili, maana jani ndilo linaloliwa. Ukimwagia mnanaa kwa juu maji yenye floraidi na magadi, yakikauka yanaacha mabaki palepale penye bidhaa yako.

Lakini kumbuka kanuni ya ziwa. Kitalu nyumba ni mahali ambapo mvua haingii, na maji yanatoka karibu yote kwa njia ya mvuke: kupitia majani na kupitia udongo. Kwa upande wa chumvi, basi, kitalu nyumba kinafanana na ziwa la Momela kuliko kinavyofanana na shamba la migomba.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kitalu chako kina mita 8 kwa 30, yaani mita za mraba 240. Unamwagilia milimita 4 kwa siku, sawa na lita 960. Tuseme maji yako yana EC ya 1, yaani desisimensi 1 kwa mita. EC ni kipimo cha chumvi, na kwa makadirio ya kawaida EC ya 1 ni kama gramu 0.64 za chumvi kwa lita. Kwa siku moja umeingiza gramu 614. Kwa siku 90 umeingiza kilo 55.

Zaidi ya gunia la kilo 50 la chumvi, kwa msimu mmoja, ndani ya nyumba isiyoingia mvua! Na maji hayo wala si mabaya sana. Mwongozo wa FAO wa mwaka 1985 unasema chini ya 0.7 hakuna shida, kati ya 0.7 na 3 uwe mwangalifu, zaidi ya 3 ni hatari kwa mazao mengi. Mwongozo huohuo unataja miligramu 1 ya floraidi kwa lita kama kiwango cha kutopita kwa umwagiliaji wa muda mrefu, ingawa unaeleza kuwa udongo usio na asidi huifunga sehemu kubwa ya floraidi isifike kwenye mmea.

Mmea hausemi "nimechoka na chumvi". Unaonyesha kiu wakati udongo una maji. Kingo za majani zinaungua, ukuaji unadumaa. Mrehani na giligilani hulalamika mapema; rozimari kwa kawaida huvumilia zaidi. Na sodiamu ina ujanja mwingine: inavunja chembe za udongo, udongo unashikana juu kama sakafu, maji hayapenyi. Mkulima anaona mmea umenyauka, anaongeza maji yaleyale, na anaongeza samadi.

Samadi ina wema wake, na ina chumvi yake

Samadi iliyoiva vizuri inafanya mambo ambayo mbolea ya dukani haiwezi peke yake. Inashikanisha chembe za udongo, inahifadhi maji, inalisha vijidudu. Vijidudu hivyo huvunja nitrojeni iliyofungwa ndani yake polepole, ili mmea uipate. Sehemu tu ya nitrojeni ya samadi hupatikana msimu wa kwanza. Iliyobaki hutoka misimu inayofuata. Ndiyo maana matokeo ya samadi huonekana kama ya kuchelewa, na mtu asiye na subira huizidisha.

Tatizo ni kwamba samadi nayo ina chumvi. Mkojo una chumvi, mifugo ya kanda hii hulambishwa magadi, na samadi ya kuku kwa kawaida ni kali kuliko ya ng'ombe. Bibi yako aliweka samadi nyingi kwenye migomba na hakupata shida, kwa sababu masika ilimsaidia kusafisha. Ukichukua kipimo chake ukakiingiza ndani ya nailoni, umechukua nusu ya mfumo tu.

Na harufu je? Viungo vinauzwa kwa harufu, ambayo imo kwenye mafuta ndani ya vifuko vidogo vya jani. Majaribio mengi ya mrehani sehemu mbalimbali duniani yameonyesha kuwa kiu ya wastani inaweza kuongeza kiwango cha mafuta kwenye jani, huku uzito wa mavuno ukishuka. Kwa hiyo maji mengi na nitrojeni nyingi yanaweza kukupa kichaka kizuri cha kupiga picha, chenye harufu hafifu. Lakini kiu inayoletwa na chumvi usiihesabu kama mbinu: hiyo huwezi kuifunga kama bomba.

Jambo la mwisho kuhusu samadi: viungo vya majani vingi vinaliwa vibichi. Kanuni za kilimo hai za Marekani, kwa mfano, zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao ambalo sehemu inayoliwa inagusa udongo. Giligilani inavunwa mapema mno kuliko hapo. Kwa hiyo tumia mboji iliyopata joto na kuiva, si samadi ya jana.

Kuirudisha mvua

Kama kitalu kimeifungia mvua nje, dawa ya kwanza ni kuirudisha. Paa lile la mita za mraba 240 likipata mvua ya milimita 10 linapokea lita 2,400. Weka mfereji wa bati au plastiki pembeni, upeleke kwenye tangi au bwawa lenye turubai. Maji ya mvua karibu hayana chumvi wala floraidi. Hata yasipotosha msimu wote, yachanganye na ya kisima, EC ishuke. Na weka akiba kwa ajili ya kazi ile iliyofanywa na masika: kati ya msimu na msimu, loweka matuta kwa maji mengi safi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Hakikisha kwanza maji yana pa kutokea. Kama chini kuna tabaka gumu, chumvi itapanda tena. Fanya hivyo *kabla* ya kuweka mboji, kwa sababu maji yanayosafisha chumvi husafisha na nitrojeni pia.

Kama tatizo ni sodiamu, mboji peke yake haitoshi. Jasi hutoa kalsiamu inayosukuma sodiamu itoke kwenye chembe za udongo, na jasi inachimbwa Makanya, wilaya ya Same, si mbali sana na hapa. Ila nayo inahitaji maji mazuri ya kuisindikiza sodiamu iende chini.

Na kabla ya yote hayo, pima. Kifaa cha mkononi cha EC ni kidogo kama kalamu. Floraidi na sodiamu peleka maabara, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja baada ya masika, kwa sababu chanzo hubadilika. Usipime maji tu. Pima na udongo wa kitalu kila mwisho wa msimu, uone chumvi inapanda au inashuka. Halafu nenda kwa wazee wa eneo lako ukawaulize mfereji upi ulikuwa wa mashamba, na maji yapi waliwaachia ng'ombe. Mara nyingi majibu yao na namba zako vitaelekea upande mmoja.

Kilichobaki si cha mkulima mmoja. Watu wanaochimba kisima cha kitalu kwenye tambarare ya Momela leo wanaingia kwenye mgawanyo wa maji ulioanza na pete ya mashamba na kuendelea na kufukuzwa kwa mwaka 1951. Mikopo na miradi ya vijana huja na nailoni, mabomba na mbegu. Kipimo cha maji kisipokuwamo kwenye bajeti, kijana anakabidhiwa deni pamoja na gunia la chumvi kila msimu. Ukikaa kwenye kikao cha mradi wa namna hiyo, uliza swali moja kabla ya kusaini: maji ya hapa yamepimwa lini, na majibu yako wapi?